Kimya cha Asiyeulizwa

Kuna sentensi moja ambayo hufunga mjadala kabla haujakolea: "Hayo ni mambo ya zamani, usiyapime kwa mizani ya leo." Nimeisikia ikisemwa kuhusu wafalme, kuhusu watunzi wa zamani, hata kuhusu ndoa za bibi zetu. Ina busara yake. Mgeni akikuta wenyeji wamevua viatu mlangoni, naye huvua, na zama za kale ni ugenini. Lakini kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisoma riwaya moja ya Kijapani yenye umri wa takriban miaka elfu moja, pamoja na maandishi ya wanazuoni wanaobishana juu yake, na kadiri ninavyosoma ndivyo sentensi hiyo inavyonitia mashaka. Tunaposema "desturi yao ilikuwa hivyo", tumemuuliza nani kati yao?

Riwaya yenyewe ni Genji Monogatari, yaani Hadithi ya Genji. Iliandikwa mwanzoni mwa karne ya 11, katika mji ambao leo unaitwa Kyoto, na mwanamke aliyekuwa akimhudumia Malkia Shōshi katika kasri. Ina sura 54 na mashairi mafupi karibu 800, na tangu ilipoandikwa haijawahi kukosa wasomaji. Mimi sijui Kijapani cha kale. Ninaisoma kwa Kiingereza, hasa katika tafsiri ya Royall Tyler ya mwaka 2001, na kila ninapokwama huwa ninarudi kwa wanazuoni kuwauliza nini hasa kimeandikwa.

Mahali wanapokwama wengi ni katika sura ya 9.

Genji ni mwana wa mfalme aliyetolewa katika ukoo wa kifalme na kupewa jina la raia. Ni mzuri wa sura, anapiga ala, anacheza ngoma, anatunga shairi papo hapo. Akiwa na miaka 18 anakwenda milimani kaskazini mwa mji kutafuta tiba ya homa, na huko, akichungulia kupitia uzio, anamwona msichana wa miaka kama 10 akilia kwa sababu mwenzake amemwachia shomoro wake akaruka. Msichana huyo hana mama. Analelewa na bibi yake, mtawa wa Kibudha. Anafanana na shangazi yake, ambaye ni mke wa baba yake Genji, na ambaye Genji anampenda mapenzi yasiyosemeka. Bibi anapofariki, baba wa msichana anapanga kuja kumchukua. Genji anamtangulia: anafika kabla hakujapambazuka, anambeba na kwenda kumweka nyumbani kwake. Anamfundisha mwandiko, ushairi na kupiga ala. Mtoto anamzoea kama anavyozoewa baba.

Miaka minne hivi inapita. Mke mkubwa wa Genji anafariki baada ya kujifungua. Genji anamaliza matanga, anarudi nyumbani kwake na kumkuta yule mtoto amekua. Siku zinakwenda wakicheza go na michezo ya kukisia herufi. Kisha msimulizi ananyamaza. Usiku hausimuliwi. Tunaambiwa tu kwamba kulikucha siku moja, mwanamume akaamka mapema na mwanamke hakuamka. Hadi hapo msichana alikuwa akitajwa kwa neno la binti mdogo wa nyumba ya heshima. Asubuhi hiyo anatajwa kwa neno la mwanamke mwenye mume. Wanazuoni wameandika mengi juu ya badiliko hilo la neno moja.

Kinachofuata kinasimuliwa bila kuficha. Wahudumu wanajiuliza kama anaumwa. Genji amemwachia kisanduku cha wino ndani ya pazia, na barua iliyofungwa fundo kando ya mto. Msichana anaisoma na kujiuliza iweje alimwamini kwa moyo mweupe mtu mwenye nia ya namna hiyo. Mchana Genji anarudi. Msichana anajifunika gubigubi. Genji anaivuta nguo na kumkuta amelowa jasho hadi nywele za kwenye paji la uso. Anafungua kisanduku kutafuta jibu la shairi lake. Hamna kitu. Anaona ni utoto tu, tena utoto wa kupendeza.

Hapa ndipo Kiswahili kinaponibana. Nikitaka kumsimulia rafiki tukio hili, lazima nichague kitenzi. Nikisema "alimwoa", nimeleta harusi ambayo haikuwapo. Nikisema "walilala pamoja", ile wa- imewafanya wote wawili kuwa watendaji. Nikisema "alimbaka", nimehamia mahakamani, na msikilizaji atataka kujua sheria ilikuwa ipi na adhabu ipi. Kijapani cha kale huweza kupita bila kumtaja mtenda wala mtendwa. Heshima zilizomo katika kitenzi humsaidia msomaji kukisia. Kiswahili hakinipi nafasi hiyo. Kinadai kujua nani alimfanya nani.

Wanazuoni nao wamegawanyika hapo hapo. Katika karne ya 18, Motoori Norinaga, tabibu wa mji wa Matsusaka, aliwapinga wote waliokuwa wakiisoma riwaya hii kama somo la maadili ya Kibudha au ya Kikonfusio. Kwake yeye, kazi ya hadithi ni kumfundisha msomaji kuguswa na mambo, kuhisi uzito na upole wake. Ndiyo fikra maarufu ya mono no aware. Kuhusu dhambi za Genji alitoa mfano wa yungiyungi: anayetaka ua hilo hana budi kuweka maji yenye tope, na hakuna anayedhani kwamba amelipenda tope. Karne mbili baadaye, Komashaku Kimi, katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu ujumbe wa mwandishi wa riwaya hii, aliliita tope hilo kwa jina lake. Genji, alisema, ni mbakaji, na mwandishi alijua anachokiandika. Setouchi Jakuchō, mtawa na mwandishi aliyeitafsiri riwaya yote kwa Kijapani cha leo, naye alisema hadharani kwamba mengi tunayoyaita mapenzi katika kitabu hiki yalikuwa ubakaji.

Mwaka 2002 Royall Tyler aliandika makala ndefu kuwajibu wenye mtazamo huo. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba binti aliyelelewa vizuri katika tabaka lile hakuweza kutamka "ndiyo" kwa kinywa chake bila kujishushia hadhi. Uamuzi ulikuwa wa wazazi na walezi. Kumpima kwa kipimo cha ridhaa yetu ya leo ni kumdai kitu ambacho malezi yake yalimkataza kukitoa.

Naiheshimu hoja hii, kwa sababu inatoka kwa mtu aliyekaa na kila neno la kitabu. Lakini tazama inakotufikisha. Kama "ndiyo" haiwezi kutamkwa, basi kukosekana kwa "hapana" nako hakutuambii kitu. Kimya cha mtu wa namna hiyo hakiwezi kuwa ushahidi wa kuridhia.

Kuna jambo wasomaji waliokulia katika nyumba za Kiislamu wanalijua: katika mafundisho ya nikaha, mwanamwali mwenye haya anaweza kuonyesha idhini kwa kunyamaza. Watu wengi hukumbuka nusu hiyo ya pili. Nusu ya kwanza ni kwamba anatakwa idhini. Wanazuoni wa fiqhi wametofautiana juu ya mipaka ya mamlaka ya baba, lakini mafundisho yenyewe yanaanza na mtu kuuliza. Hata tukikubali kwamba kimya ni njia ya heshima ya kusema ndiyo, kimya huwa jibu pale tu palipotangulia swali. Katika sura ya 9 hakuna aliyeuliza. Genji hakumuuliza msichana, hakumuuliza baba yake, na bibi mtu alikwishafariki. Kimya tulichonacho ni cha asubuhi, baada ya jambo kwisha, na ukikisikiliza vizuri si kimya kabisa. Katika kasri lile shairi lililotumwa lilidai shairi. Aliyeshindwa kutunga aliandikiwa na mtu wa pembeni. Kuacha shairi la mwanamume mwenye cheo bila jibu ilikuwa njia ya kusema, na wahenga wetu wangemwelewa: kimya kingi kina mshindo mkuu.

Ndiyo maana ile sentensi ya mizani ya leo hainitoshelezi. Aliyeona kwamba ametendewa vibaya si msomaji wa karne ya 21. Ni msichana wa miaka 14 wa karne ya 11, katika kitabu cha mwanamke wa karne ya 11. Naye alikuwa mtu wa zama zake. Kama desturi ya wakati huo ilikuwa kitu kimoja kinachoeleweka na wote, mwandishi asingekuwa na sababu ya kutuonyesha nywele zilizolowa jasho.

Wala simwoni kuwa shahidi pekee. Usiku wa tatu Genji anaagiza waletewe kwa siri mochi, wali uliotwangwa ukafinyangwa, ambao wakati ule uliliwa na maharusi usiku wa tatu kuthibitisha ndoa. Yaya wa msichana, Shōnagon, anapogundua, analia kwa shukrani. Hakutegemea bwana angemtendea mtoto wake heshima kubwa hivyo. Yaya ana sababu za kulia. Anajua kwamba binti asiye na mama, ambaye mke wa baba hamtaki, angeweza kuwekwa kinyumba bila ibada yoyote. Kwa hesabu za dunia aliyoijua, mtoto amepona. Nyumba moja, juma moja, wanawake wawili: mmoja analia kwa shukrani, mwingine amejifunika nguo kichwani. Nikiulizwa "desturi yao ilikuwaje?", nitamtaja nani? Nimegundua kwamba kwa kawaida tunamtaja yaya, kwa sababu ametuondolea mzigo.

Watu wa kale wenyewe hawakuacha kuhukumu. Karibu mwaka 1200 iliandikwa Mumyōzōshi, kitabu ambamo wanawake wanakaa usiku kuzungumzia wahusika wa hadithi mbalimbali, nani anapendeza na nani anasikitisha, na kuhusu Genji wanataja mambo ambayo wangetamani asingeyatenda. Wakati huo huo ilienea imani kwamba mwandishi alikuwa akiteseka motoni kwa kutunga uongo wenye tamaa, na watu walimfanyia ibada za kumwombea. Fikiria hilo kidogo: hukumu ilikuwapo, tena kali, na aliyetupwa motoni ni yeye aliyesimulia.

Mwandishi huyo tunamwita Murasaki Shikibu, lakini jina lake halisi halikuhifadhiwa. Shikibu inatokana na wizara ya sherehe, ambako baba yake aliwahi kushika cheo. Murasaki ni jina la yule msichana wa sura ya 9. Ameacha shajara, na humo anasimulia sherehe ya mwaka 1008 katika makazi ya Fujiwara no Michinaga, baba wa malkia na mtu mwenye nguvu kuliko wote nchini. Mkuu mmoja aliyekwisha kunywa alipita akiuliza kama Murasaki mdogo yupo hapo. Yeye hakujibu. Aliwaza kwamba kama hakuna anayefanana na Genji mahali hapo, Murasaki atatoka wapi?

Katika shajara hiyo hiyo anasimulia usiku mwingine. Amelala katika chumba kando ya ukumbi wa kupitia, akasikia mtu anabisha mlango. Aliogopa, akakaa kimya hadi kulipokucha. Asubuhi aliletewa shairi la kulalamikia mlango uliofungwa, naye akajibu kwa shairi kwamba angejuta sana kama angeufungua. Kwa desturi anayebisha hutambuliwa kuwa Michinaga. Karne kadhaa baadaye, katika kitabu cha nasaba kiitwacho Sonpi Bunmyaku, penye jina lake paliongezwa kwamba inasemekana alikuwa suria wa Michinaga. Sijui mtu anaweza kufanya nini zaidi ya kufunga mlango, kunyamaza usiku kucha na kuandika kwamba alifunga mlango. Hata hivyo alijaziwa.

Kuna pingamizi moja ninalolichukulia kwa uzito kuliko yote. Murasaki wa riwayani haishi katika asubuhi ile milele. Anaendelea kuwa mtu kwa sura zaidi ya 30. Anaendesha nyumba, analea binti ambaye Genji amezaa na mwanamke mwingine, anampenda Genji na Genji anampenda kuliko wote. Kumgeuza awe kielelezo cha dhuluma tu ni kumpora maisha hayo, na nimesoma uhakiki unaofanya hivyo. Mtu anabaki jeraha lenye jina. Upendo wao ni wa kweli. Lakini upendo wa baadaye haurudi nyuma kuuliza swali ambalo halikuulizwa. Tena riwaya inaonyesha kwamba kuuliza kwenyewe hakukupata kuwa haki yake. Akiwa mtu mzima, amechoka na ni mgonjwa, Murasaki anamwomba Genji ruhusa ya kuwa mtawa. Anaomba zaidi ya mara moja. Genji anakataa, kwa kuwa hawezi kuishi bila yeye. Anafariki katika sura ya 40 bila kuruhusiwa. Mara hii swali lilikuwapo, limetamkwa kwa adabu na kwa sauti, na jibu likawa hapana.

Kwa hiyo kitenzi changu ni hiki: alimlazimisha. Ubakaji ni neno la sheria, na sitamlaumu anayelitumia. Kulazimisha ni neno linalohitaji watu wawili tu, na maandishi yanalithibitisha bila msaada wa karne yetu. Nikishalisema, ninaweza kuendelea kusoma, na kuona pia uzuri wa vuli katika bustani, na harufu ya ubani katika nguo iliyoachwa, na hata uchungu wa Genji, ambao ni mkubwa na si wa kuigiza. Norinaga alikuwa sahihi kwamba ua linahitaji maji yale. Ninachomkatalia ni kuhesabu. Katika mfano wake kuna ua na kuna tope, na sioni msichana yuko wapi.

Yeye na wengine waliipenda sana hotuba ya sura ya 25, ambamo Genji anaitetea sanaa ya hadithi: kwamba vitabu vya historia huonyesha upande mmoja tu, na hadithi ndizo zenye undani wa maisha ya watu. Ni kweli, na mimi pia ninaiamini. Lakini anayesikiliza hotuba hiyo ni Tamakazura, binti aliyemchukua nyumbani kwake kama mwanawe, na ambaye anajaribu kila njia kuukwepa mkono wake. Mwandishi aliiweka hoja nzuri kuliko zote kuhusu hadithi katika kinywa cha mtu huyo, katika chumba hicho. Tukiinukuu hotuba na kuacha chumba, tumefanya kile ambacho hotuba inazilaumu historia kwa kukifanya.

Riwaya inaishia kwa mwanamke mwingine, Ukifune, baada ya Genji kufariki zamani. Amegombewa na wanaume wawili hadi akataka kufa. Ameokolewa, amekatwa nywele, amekuwa mtawa. Kaoru, mmoja wa wale wawili, anamtuma mdogo wake Ukifune ampelekee barua. Ukifune hajibu. Anasema huenda barua imekosea mtu. Mtoto anarudi mikono mitupu, na Kaoru anajiuliza kama kuna mwanamume mwingine aliyemficha huko. Hapo kitabu kinakwisha. Wapo wanaosema hakikukamilika. Lakini sisi wasomaji tumekuwamo ndani ya chumba kile na tunajua hakuna mwanamume yeyote. Kuna mwanamke ambaye hatimaye amepelekewa swali, akalisoma, akalirudisha bila jibu. Na kuna mtu upande wa pili ambaye tayari ameanza kumjazia.